Bendera Zilizogeuzwa Jioni: Mapigano ya Manzikert, 1071, na Mashahidi Wake

Jioni ya Ijumaa, tarehe 26 Agosti 1071, katika uwanda ulio karibu na mji wa Manzikert, kaskazini ya Ziwa Van, kaisari wa Warumi, Romanos wa Nne Diogenes, alitoa amri ambayo kwa siku nyingine isingekuwa na hatari yoyote: bendera za kifalme zigeuzwe, jeshi lirudi kambini. Mchana kutwa alikuwa amewafuata Waseljuki, yaani Waturuki wa sultani Alp Arslan, nao walikuwa wakirudi nyuma na kurusha mishale bila kukubali kupambana ana kwa ana. Sasa jua lilikuwa linakuchwa, na kambi ilikuwa mbali nyuma yake, haina walinzi, kwa kuwa hakuwa na askari wa kutosha kuwaacha huko. Waliokuwa karibu naye waligeuka kwa utaratibu. Waliokuwa mbali waliona bendera zinarudi, wakadhani kaisari ameuawa. Kufikia usiku kikosi cha akiba kilikuwa kimekwisha ondoka uwanjani, mabawa ya jeshi yamevunjika, na kaisari mwenyewe, mkono wake umejeruhiwa na farasi wake amekufa, alikuwa mateka.

Kikosi cha akiba kiliongozwa na kijana wa ukoo mkubwa, Andronikos Doukas. Kazi ya kikosi cha aina hiyo ni kukaa nyuma ya mstari wa mbele ili adui akipenya akute ukuta wa pili, na mfalme akizingirwa wawepo wa kumwokoa. Kikosi hicho hakikumwokoa mtu. Swali ambalo kisa hiki kimeliacha kwa wasomaji wa karne zote zilizofuata ni kama Andronikos aliondoka kwa hofu, kwa busara ya kuokoa askari wake, au kwa khiana. Kila anayelijibu hujibu kwa kuegemea waandishi wachache wa Kigiriki, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hana lake jambo. Wanaosoma elimu ya hadithi za Mtume hawaanzi na maneno yaliyosemwa. Huanza kwa kuuliza nani kapokea kwa nani, na mpokezi huyo alikuwa mtu wa namna gani. Kwa Manzikert sioni njia bora zaidi ya hiyo.

Kwanza tueleze namna Diogenes alivyofika pale. Msomaji wa Kiswahili huwajua watu wake kwa jina la Warumi, kama wanavyotajwa katika sura ya 30 ya Kurani, na wenyewe walijiita hivyo hivyo. Jina la Bizanti lilienezwa na wasomi wa Ulaya baada ya dola yenyewe kuanguka. Kaisari Constantine wa Kumi Doukas alifariki mwaka 1067, akiacha mjane, Eudokia Makrembolitissa, na watoto wa kiume waliokuwa warithi. Kabla ya kufa alimwapisha mkewe kwamba hataolewa tena, na hati ya kiapo hicho ikawekwa kwa patriarki, mkuu wa kanisa. Lakini mipaka ya mashariki ilikuwa inavuja, Waturuki wakiingia na kutoka watakavyo, na dola ilihitaji mtu wa vita. Patriarki alishawishika kumfungua Eudokia kiapo chake, na tarehe 1 Januari 1068 mjane huyo akaolewa na Romanos Diogenes, jemadari ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amehukumiwa kwa kula njama dhidi ya kiti cha enzi, kisha akasamehewa. Kwa ukoo wa Doukas huyu alikuwa baba wa kambo aliyeingia katika nyumba yao na kukalia kiti cha watoto wao. Eudokia alimzalia watoto wawili wa kiume, na hapo hofu yao ikawa na sababu mpya. John Doukas, ndugu wa marehemu, alijikuta nje ya mji mkuu, Konstantinopoli. Mwanawe Andronikos alichukuliwa vitani mwaka 1071, na kuna wanahistoria wanaoona kwamba alichukuliwa kama amana, ili baba yake atulie. Kama ndivyo, basi kumpa amana huyo kikosi cha akiba ni jambo ambalo hata leo ni vigumu kulielewa.

Shahidi wa kwanza, na kwa maoni yangu aliye mzito kuliko wengine, ni Michael Attaleiates. Hakuwa askari wala mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa hakimu, na katika safari hii alikuwa hakimu wa jeshi. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa mmoja wa majaji waliosikiliza kesi ya uhaini ya Diogenes kabla hajawa kaisari. Mtu aliyemhukumu Romanos ndiye aliyekuja kumtumikia, kumfuata vitani, na hatimaye kuandika utetezi wake mrefu kuliko wote. Historia yake aliimaliza karibu na mwaka 1080, akaitunuku kwa Nikephoros Botaneiates, kaisari aliyechukua kiti kutoka kwa akina Doukas mwaka 1078. Hapo ndipo msomaji anapaswa kukaza macho: Attaleiates alikuwa na uhuru wa kuwalaumu akina Doukas kwa sababu hawakuwa madarakani tena, na lawama hiyo ilimfurahisha bwana wake mpya, ambaye anamsifu mpaka msomaji anaona haya kwa niaba yake.

Hata hivyo, kitabu chake hakisomeki kama cha mtu anayemsafisha Diogenes kwa kila hali. Anaeleza kwamba kaisari alipokuwa akivuka maji kutoka Konstantinopoli, njiwa alitua mikononi mwake, naye hakuwa mweupe bali mwenye weusi mwingi, na watu wakaanza kubishana maana yake. Anasimulia pia kisa kilichotokea Manzikert penyewe, baada ya mji kujisalimisha kwa kaisari. Askari mmoja wa Kirumi alishtakiwa kwa kuiba punda wa Mturuki. Kaisari aliamuru akatwe pua. Askari alilia, akaahidi kutoa mali yake yote, akamwomba Mama wa Mungu aombe kwa ajili yake kupitia picha takatifu ya kanisa la Blachernai, iliyozoea kufuatana na wafalme vitani. Haikumsaidia, pua ilikatwa, picha ikishuhudia. Attaleiates, ambaye maisha yake yote yalikuwa kupima kosa na adhabu, anasema wazi kwamba adhabu ilizidi kosa, na kwamba tangu saa ile moyo wake ulihisi kisasi cha Mungu kinakuja. Mtu anayeandika utetezi wa kununuliwa angeliacha jambo hilo bila kulitaja.

Kuna mahali pengine ambapo shahidi huyu anajionyesha. Kabla ya siku ya vita, kundi la askari wa kukodiwa wa kabila la Wauzi, ambao kwa lugha na desturi walikuwa jamaa wa Waturuki, lilihamia upande wa sultani. Kambi ilijaa wasiwasi, kila mtu akimtazama Muuzi aliye karibu naye kama adui aliyejificha. Attaleiates anasema ni yeye aliyeshauri waliobaki waapishwe, na ni yeye aliyewaapisha kwa desturi ya mababu zao. Hawakuvunja kiapo hicho. Usiku ule, anasema, hakuna aliyelala, kwa kelele za Waturuki waliokuwa wakizunguka kambi gizani.

Sasa tufike kwenye tuhuma yenyewe. Attaleiates anaeleza kwamba bendera zilipogeuzwa, habari ya uongo kwamba kaisari ameshindwa ilienezwa na mmoja wa waliokuwa katika akiba, ambaye hamtaji kwa jina bali kwa ujamaa wake: ni binamu wa Michael, mtoto wa kambo wa kaisari. Kisha mtu huyo akachukua askari wake na kurudi mbio kambini. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji jina. Binamu huyo ni Andronikos. Lakini tazama namna hakimu anavyoitanguliza tuhuma hiyo. Anaandika kwamba ndivyo wengi wanavyosisitiza. Hasemi aliona. Hakuweza kuona, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa upande wa kambi, ambako anasema alisimama mbele ya waliokuwa wakikimbia akijaribu kuwarudisha. Alichokiona anakieleza kwa maneno ya mtu aliyekiona: kelele, jasho, vumbi, hofu, Waturuki wakitokea kila upande, kila mtu akiokoa nafsi yake, jambo lililofanana na tetemeko la ardhi. Alichosikia anakiweka alama kwamba amekisikia. Mwanasheria yeyote wa leo angeutambua mpaka huo kati ya ushahidi wa macho na ushahidi wa kusikia. Wasomaji wengi wa baadaye wameuruka mpaka huo kana kwamba haupo, na mwandishi aliyeendeleza historia ya Skylitzes, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, na aliyenakili mengi kutoka kwa Attaleiates, alichangia sana kuifanya tetesi ionekane kama kauli.

Shahidi wa pili ni Michael Psellos, mwanafalsafa wa kasri, mwalimu wa Michael Doukas mwenyewe, na pengine mwandishi hodari kuliko wote wa karne ile. Hakuwapo Manzikert. Alikuwa amefuatana na Diogenes kwa muda katika safari ya 1069, na anatuhakikishia kwamba kaisari alistaajabia ujuzi wake wa mbinu za vita na kumwonea wivu. Kwa mtu aliyeshinda miaka yake kati ya vitabu na mikutano ya ikulu, madai hayo ni ya kuchekesha kidogo, ila yanatusaidia kujua mizani yake. Kwa Psellos, Manzikert ni matokeo ya kiburi na ujinga wa mtu mmoja: Diogenes aligawa jeshi lake, hakujua sultani yuko karibu kiasi gani, hakusikiliza ushauri. Kuhusu kuondoka kwa akiba hasemi lolote.

Tuhuma ya kugawa jeshi inastahili kutazamwa, kwa maana ina ukweli ndani yake. Kabla ya mapigano Romanos alituma sehemu kubwa ya askari wake, wakiongozwa na Joseph Tarchaneiotes pamoja na Mnormani Roussel de Bailleul, kwenda mji wa Khliat kwenye ufuo wa Ziwa Van. Waliposikia kwamba sultani anakuja hawakurudi kwa bwana wao, bali walitoroka kupitia Mesopotamia hadi nchi ya Warumi. Attaleiates anatetea mpango wenyewe, akisema haukuwa wa kipumbavu kwa hali ilivyokuwa wakati ulipopangwa. Mimi naona yote mawili yanasimama: mpango ulikuwa na sababu, na aliyeupanga hakuwa na habari za kutosha kuhusu adui wake. Lakini jambo lenye uzito zaidi kwa kesi yetu ni kwamba Tarchaneiotes hakuwa wa ukoo wa Doukas. Kama majemadari wasio na njama yoyote waliweza kumwacha kaisari siku chache tu kabla, basi kuachwa kwake siku ya Ijumaa hakuhitaji njama ili kueleweka.

Hata hivyo Psellos, adui yake, anatoa jambo moja ambalo halimfaidii. Anakiri kwamba Diogenes alipozingirwa alivaa silaha za askari, akauchomoa upanga, akaua kadhaa na kuwafukuza wengine, mpaka Waturuki walipotambua ni nani, wakamzunguka, akaanguka kutoka juu ya farasi. Shahidi anaposema jambo linalompa heshima adui yake, hapo ndipo pa kumwamini, na kwa kuwa Attaleiates anasimulia vivyo hivyo kutoka upande mwingine, ushujaa wa kaisari saa ile tunaweza kuuhesabu kuwa umethibitika.

Shahidi wa tatu alizaliwa baada ya vita, na ndiye mwenye nasaba yenye mitego zaidi. Nikephoros Bryennios aliandika katika karne ya 12. Babu yake, mwenye jina hilo hilo, ndiye aliyeongoza bawa la kushoto la jeshi la Diogenes. Mke wake ni Anna Komnene, naye aliandika historia mashuhuri ya baba yake, kaisari Alexios. Na aliyemwagiza Bryennios aandike ni mama mkwe wake, malkia Irene Doukaina. Irene huyu ni binti wa nani? Ni binti wa Andronikos Doukas. Kwa hiyo mtu anayetusimulia jinsi jeshi lilivyovunjika alikuwa mjukuu wa jemadari wa bawa la kushoto, na aliandika kwa amri ya binti wa jemadari wa akiba, huku ameoa mjukuu wa jemadari huyo.

Ukishajua hayo, kitabu chake kinasomeka kama karatasi iliyoinuliwa mbele ya taa. Babu yake amejaa kila mahali. Katika mapigano madogo ya siku za kwanza anapambana na Waturuki wengi, anarudi kambini na majeraha matatu, la mkuki kifuani na ya mishale mgongoni. Siku yenyewe, bawa la kushoto linataka kwenda kumsaidia kaisari, lakini adui analishambulia kwa nyuma na kulizuia. Na Andronikos je? Hatuhumiwi. Hakuna njama, hakuna uvumi ulioenezwa. Sidhani Bryennios alidanganya kuhusu babu yake. Maelezo ya majeraha na ya mapambano ya bawa la kushoto yana sura ya kumbukumbu ya familia, iliyosimuliwa mara nyingi nyumbani. Lakini kimya chake kuhusu baba wa malkia hakiwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi wa kutokuwa na hatia. Ni kimya cha mtu aliyekuwa akila meza moja na binti yake.

Upande wa pili wa uwanja una wasimulizi wake, na nitawagusa kwa ufupi, kwa sababu hawakujali mambo ya nyumba ya Doukas. Ibn al-Athir, aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, anawapa Warumi askari 200,000 na sultani wapanda farasi 15,000, hesabu inayoonyesha zaidi ukubwa wa ushindi kuliko idadi ya watu. Anasimulia kwamba Alp Arslan alivaa nguo nyeupe na kujipaka manukato ya maiti, akasema akiuawa hiyo ndiyo sanda yake. Anasimulia pia kuhusu mtumwa kijana aliyemkamata kaisari: wakati wa ukaguzi wa jeshi alidharauliwa na kutaka kukataliwa, na mmoja akasema kwa dhihaka kwamba huenda huyu akatuletea mfalme wa Warumi akiwa mateka. Kisa kitamu mno kuwa cha kweli chote. Kinachovutia ni kwamba wasimulizi wa Kiislamu na Attaleiates wanakubaliana kuhusu matendo ya sultani baada ya hapo: alizungumza na mateka wake kuhusu ambacho kila mmoja angemtendea mwenzake, kisha akamkirimu na kumwachia huru kwa mkataba. Attaleiates anaongeza kwamba Diogenes alijibu bila kuficha kwamba yeye angemtesa, na sultani akasema hatauiga ukali wake.

Basi hukumu yangu kuhusu Andronikos ni hii. Kwamba aliondoka na kikosi chake bila kupigana naona hakuna shaka. Kwamba alieneza uvumi wa kifo cha kaisari ni tetesi, na aliyetuletea tetesi hiyo ametuambia kuwa ni tetesi. Kuona bendera zikigeuka kulitosha kuzaa uvumi huo wenyewe, katika jeshi lililokuwa limekosa usingizi na kushuku askari wake wa kukodiwa. Kwamba alitoka Konstantinopoli na mpango mkononi, hilo sioni shahidi wake. Ninachoweza kukiamini ni jambo dogo zaidi na pengine baya zaidi: alipoona jeshi linayumba, alikuwa na sababu zote za kifamilia za kutokwenda mbele, na hakwenda. Msaada ambao angepaswa kuutoa aliunyima, bila hata kuhitaji kusema neno la uongo.

Matendo ya akina Doukas baada ya vita ndiyo yaliyowafanya watu waamini mabaya yote. Habari ya kutekwa ilipofika mji mkuu, baraza la kasri lilijadili la kufanya, na Psellos anakiri kwamba alikuwa miongoni mwa walioshauri kwamba Diogenes asipokewe tena kama kaisari. Michael wa Saba, yule mtoto wa kambo wa Diogenes, alitangazwa mtawala pekee mwezi Oktoba 1071, na Eudokia akapelekwa katika nyumba ya watawa. Sehemu kubwa ya jeshi ilikuwa imesalimika Manzikert; kilichoiteketeza Anatolia, nchi ya Warumi upande wa Asia, ni miaka iliyofuata, Warumi walipopigana wenyewe kwa wenyewe na kuwaita Waturuki wawasaidie. Diogenes alikusanya watu, akashindwa, akarudi nyuma mpaka Adana huko Kilikia. Jemadari aliyetumwa kumzingira alikuwa Andronikos Doukas.

Alijisalimisha kwa sharti la kuwa mtawa, na maaskofu watatu walimdhamini kwamba hatadhuriwa. Tarehe 29 Juni 1072, huko Kotyaion, alitobolewa macho. Bryennios anasema Andronikos alijaribu kuzuia. Hapo napo ni lazima tukumbuke anayemwandikia. Psellos anaapa kwamba Michael hakujua, na kwamba amri ilitolewa na waliomzunguka. Attaleiates, kwa mara pekee, anaacha sauti ya hakimu na kumgeukia Michael moja kwa moja, akimuuliza amemtendea nini mtu aliyeshika nafasi ya baba yake, kisha anaeleza Diogenes akisafirishwa juu ya mnyama wa mizigo kama maiti inayooza, uso na kichwa vimevimba na kujaa funza.

Psellos alimwandikia barua. Imehifadhiwa, na ni miongoni mwa nyaraka zisizosahaulika za karne ile. Ndani yake anamfariji kipofu huyo kwa kumwambia kwamba ni mtu mwenye bahati, kwa kuwa Mungu amemwondolea macho ya mwili kwa kumwona anastahili nuru iliyo bora zaidi. Diogenes alifariki majira hayo hayo ya joto katika kisiwa cha Prote, karibu na Konstantinopoli, na aliyemzika kwa heshima zote alikuwa Eudokia.